Teskey wa Limerick, na nembo ya ukoo ya kununua

Swali: Mume wangu ni Mkanada wa Ontario, ukoo wao Teskey. Wazee wao husema walitoka Limerick, Ireland. Tuliagiza nembo ya ukoo mtandaoni, na cheti chake kinasema Teskey ni ukoo wa kale wa Kigaeli, yaani wa Waairishi wa asili. Mbona kwenye orodha za majina ya Kigaeli silioni?

Jibu: Hulioni kwa sababu halimo, dada yangu. Wakwe zako asili yao ni Wajerumani. Vita na baridi kali ya 1709 viliwang'oa maelfu ya wakulima wa Pfalz, bonde la mto Rhine, wakafurika London. Familia 821 zikavushwa Ireland. Wengi hawakukaa, waliobaki walikusanyika hasa kwenye ardhi ya Sir Thomas Southwell karibu na Rathkeale, huko Limerick: Courtmatrix, Killeheen, Ballingrane. Teskey wamo, pamoja na akina Ruttle, Switzer na Sparling. Chimbuko ni vijiji vichache hivyo, ndiyo maana jina ni adimu, na watu wake walianza kuhama mapema. Philip Embury na Barbara Heck, waasisi wa Umethodisti New York, waliondoka huko 1760. Kwenu Ontario, kijiji cha Appleton kiliwahi kuitwa Teskeyville.

Sasa hiyo nembo. Barua za namna hii hazinikauki mezani, na kila moja inaniuma. Jina la ukoo halina nembo! Nembo hupewa mtu, ikarithiwa na uzao wake. Kule Ireland anayeitoa ni Chief Herald, ofisa wa serikali wa mambo ya nembo, Dublin. Hata Murphy, jina lililoenea kuliko yote kule, ni la koo kadhaa zisizo na damu moja, lakini wote huuziwa ngao ileile.

Wauzaji haohao husema kumbukumbu zote ziliungua 1922, kwa hiyo uwaamini wao. Si kweli. Moto huo wa Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin yaliyohifadhi kumbukumbu, ulikula karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 na rejista nyingi za Kanisa la Ireland, na Waprotestanti kama wakwe zako waliumia zaidi. Ila ndoa zisizo za Kikatoliki zilisajiliwa serikalini tangu 1845, orodha ya Griffith ya wakazi na ardhi (1847–1864) ipo, na sensa za 1901 na 1911 zinasomwa bure mtandaoni. Mtu akikuletea nasaba iliyokamilika, mwambie akutajie parokia, mwaka na rejista aliyosoma, kabla hujatoa hata senti.