Aliyeketi Akatazama

Mmeuliza wiki hii: "Ulipoanza kunyonyesha, ulipata wapi maelezo, na yapi yalikufaa?"

Mimi nilianza na simu. Saa nane za usiku, mtoto ana siku nne, chuchu zimepasuka, naandika kwa kidole gumba: mtoto ananyonya kila saa, je, maziwa hayatoshi? Huyu akajibu mpe ya kopo, yule akasema ukimpa umeharibu kila kitu, wa tatu anauza chai ya kuongeza maziwa. Wote walijibu kwa uhakika, na hakuna aliyemwona mwanangu akinyonya.

Kijikaratasi cha kliniki nilikuwa nacho. Maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha uendelee kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi, kama wanavyoelekeza Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Ni kweli tupu. Ila mimi usiku ule nilitafuta namna ya kufika asubuhi.

Kesho yake akaja mkunga, mama wa makamo. Aliketi kando ya kitanda akasema, "Mnyonyeshe, mwanangu, nikuone." Akatazama kimya mpaka mtoto akaachia titi. "Anavuta chuchu tu. Ngoja apanue mdomo kama anapiga miayo, ndipo umlete kwenye titi, kidevu kitangulie." Tulirudia mara tatu. Mara ya nne maumivu yakapungua, nikamsikia akimeza: kloko, kimya, kloko. Nililia.

Kisha akanifundisha kuhesabu. Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida ya kichanga, na kadiri titi linavyonyonywa ndivyo linavyotengeneza. Kuanzia siku ya tano, nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo kwa saa 24. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, kwa kawaida ukarudi kufikia wiki mbili. Anayelala mno hata haamki kunyonya, mpeleke kliniki siku hiyohiyo.

Sikuacha kusoma. Ila sasa ushauri usionielekeza nimtazame nini mtoto wangu naupita, na wa muuzaji naupita haraka zaidi. Tangu 1981 kuna kanuni ya kimataifa inayokataza kutangazia umma maziwa mbadala, lakini matangazo yanatufuata hadi kitandani, saa ileile tumechoka. Simlaumu anayetumia kopo. Dada yangu alilihitaji kweli, na kilichosema hivyo ni mizani, si tangazo.

Juzi usiku wifi yangu alinipigia akilia kwamba hana maziwa. Nikamuuliza: nepi ngapi tangu jana? Akaenda kuhesabu, akarudi: saba. Anameza? Anameza. Nikamwambia ajilaze na mwanawe akishanyonya, na asubuhi nikaenda kuketi kando ya kitanda chake.