Tazama Kwanza, Zidisha Baadaye: Kulinganisha Sehemu kwa Haraka

Msimu wa mitihani ukikaribia, wazazi wa hapa Wete, Pemba, huniletea watoto wao jioni kwa masomo ya ziada, na malalamiko ni yaleyale: "Maalim, huyu sehemu zinamshinda." Nikimpa mtoto sehemu mbili, kama 1/6 na 1/8, aniambie ipi kubwa, mkono unakimbilia penseli kabla macho hayajamaliza kusoma. Anatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), anazidisha huku na huku, nusu ukurasa umejaa. Mara nyingi jawabu analipata. Lakini muda umekwenda, na ukimuuliza kwa nini hii ndiyo kubwa, hana la kusema zaidi ya "ndivyo ilivyotoka".

Ninachowaambia wote, wazazi na watoto, ni hiki: zitazame sehemu zenyewe kwanza. Jozi nyingi zinazotolewa skuli hazihitaji kuzidisha hata kidogo. Zinahitaji kujua uziangalie kwa upande gani.

Kabla ya mbinu yoyote, mtoto aelewe namba hizi mbili zina kazi gani. Asili, ile ya chini, inasema kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Kiasi, ile ya juu, kinasema umechukua mafungu mangapi. Basi asili ikikua, kila fungu linapungua. Watoto wengi hukwama hapa: wanaona 8 imeipita 6, wanadhani 1/8 nayo imeipita 1/6. Na kwa kosa hili sijaona dawa inayofanya kazi vizuri kuliko mirathi.

Watoto wetu wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na wale wakubwa wameshayasikia mafungu sita yaliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa: thuluthi mbili, nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumuni. Mume akifa akaacha watoto, mke wake ana thumuni. Mama wa marehemu, akiwa hai, ana sudusi. Nani kapata zaidi? Mtoto anayejua kwamba sudusi ni fungu moja katika sita na thumuni ni fungu moja katika nane hana haja ya kukisia: mama kapata zaidi. Kisha mwambie atafute namba ndogo kuliko zote inayogawika kwa 2, 3, 4, 6 na 8. Ni 24. Kwa asili ya 24, mafungu yale sita yanakuwa 16, 12, 8, 6, 4 na 3, na mpangilio wake unaonekana wenyewe bila ya maelezo. Madeni yakishalipwa na wasia ukishatolewa, ambao hauvuki thuluthi, mke anachukua 3, mama 4, na ikiwa baba wa marehemu na babu yake mzaa baba hawako hai, 17 zilizobaki ni za watoto wa kiume na wa kike, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Familia zinakwenda mbele ya Kadhi kwa hesabu hizihizi. Mtoto akilijua hilo, anakaa sawasawa na kusikiliza, kwa sababu anaona kwamba tofauti ya 1/6 na 1/8 ni haki ya mtu.

Jambo moja la kutahadhari nalo: sehemu zinalinganishwa kwa kitu kizima kilekile. Thuluthi ya shamba lenye mikarafuu 120 ni mikarafuu 40, na robo ya shamba lenye mikarafuu 200 ni mikarafuu 50. Robo haikuishinda thuluthi hapo. Mashamba ndiyo hayalingani.

Sasa mbinu. Skuli tunafundisha kusawazisha asili, na ni sawa kabisa. Lakini kiasi nacho kinasawazishwa, na mara nyingi kwa kazi ndogo zaidi. Chukua 3/7 na 6/13. Ukitafuta asili ya pamoja utafika 91. Badala yake, zidisha 3/7 juu na chini kwa 2, upate 6/14. Sasa una mafungu sita upande huu na sita upande ule, lakini mafungu ya kumi na tatu ni makubwa kuliko ya kumi na nne. Basi 6/13 ndiyo kubwa. Vivyo hivyo 4/15 na 3/11: viasi vyote viwili vifikishe 12, upate 12/45 na 12/44. Ya pili ni kubwa. Najua walimu wenzangu wengine wanaogopa kwamba njia hii itawachanganya watoto. Uzoefu wangu unaniambia kinyume: anayeweza kusawazisha juu na chini ndiye aliyeelewa sehemu ni nini.

Nusu nayo inasaidia sana. Zidisha kiasi kwa mbili kichwani uangalie kama kimeipita asili. Katika 5/11 unapata 10, haijafika 11, kwa hiyo sehemu iko chini ya nusu. Katika 9/16 unapata 18, imepita 16, kwa hiyo iko juu ya nusu. Kazi imekwisha, hakuna penseli. Na zikiwa zote mbili zimepita nusu, tazama zimezidi kwa kiasi gani. Kwa 7/13, nusu ya 13 ni 6.5, kwa hiyo sehemu imepita nusu kwa nusu ya fungu moja la kumi na tatu. Kwa 9/17, nusu ya 17 ni 8.5, nayo imepita kwa nusu ya fungu moja la kumi na saba. Lipi fungu kubwa? La kumi na tatu. Basi 7/13 iko mbele.

Ninayoipenda kuliko zote ni njia ya kasoro, ya kuuliza sehemu imepungukiwa na nini ili ifike moja nzima. 7/8 ni moja kasoro 1/8. 8/9 ni moja kasoro 1/9. Kasoro ya pili ni ndogo, kwa hiyo 8/9 iko karibu zaidi na moja, ndiyo kubwa. Jihadhari na mtoto anayesema zinalingana "kwa sababu zote zimepungua moja". Zote zimepungukiwa na fungu moja, kweli, lakini mafungu hayalingani ukubwa. Mrejeshe kwenye thumuni na sudusi.

Yupo binti mmoja wa darasa la sita niliyempa 11/13 na 15/17. Wenzake walikuwa wameshaanza kuzidisha 13 kwa 17. Yeye aliiweka penseli juu ya daftari, akaifunika 11 kwa kidole, akanong'ona, "Hii inataka mbili." Akaifunika 15. "Na hii inataka mbili." Akatulia kidogo, kisha akanyosha mkono: 15/17, kwa sababu mbili zake zinazokosekana ni za kumi na saba, ndogo kuliko mbili za kumi na tatu. Nikamwita ubaoni awaeleze wenzake. Tangu hapo kundi zima linafunika viasi kwa vidole, na mimi sikuwakataza.

Vipi zikiwa kasoro zenyewe hazifanani juu? Tuseme 5/7 na 8/11. Ya kwanza imepungua 2/7, ya pili 3/11. Zisawazishe juu: 6/21 na 6/22. Kasoro kubwa ni 6/21, basi 5/7 ndiyo ndogo. Inawezekana, ila hapo tayari unafanya kazi, na katika jozi ya namna hii sioni ubaya kuzidisha kwa kupishanisha.

Kiasi cha kwanza kizidishe kwa asili ya pili, na kiasi cha pili kwa asili ya kwanza: 5 × 11 ni 55, 8 × 7 ni 56. Kwa kuwa 56 imezidi, 8/11 ni kubwa. Usimwachie mtoto akaondoka na hilo tu kama dua ya kukariri. Mwonyeshe kwamba tumezigeuza sehemu zote mbili ziwe na asili ya 77, yaani 55/77 na 56/77, ila 77 hatukujisumbua kuiandika. Na msisitize hili, maana ndipo alama zinapopotea: kila jawabu liandikwe juu ya kiasi lilikotoka. Mtoto akianza na asili, akasema 7 mara 8 ni 56 na kuiandika juu ya 5/7, hesabu yake ni sahihi kabisa na jawabu lake limepinduka.

Kuzidisha huku kuna utamu wake kwenye namba zinazokaribiana mno. Skuli tunatumia 22/7 au 3.14 kwa pai. Je, zinalingana? 3.14 ni 157/50. Basi 22 × 50 ni 1100, na 157 × 7 ni 1099. 22/7 imezidi, kwa moja tu katika 350. Archimedes, Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba pai iko kati ya 223/71 na 22/7. Zipishanishe hizo: 223 × 7 ni 1561, 22 × 71 ni 1562. Zimeachana kwa moja tena! Nikiiandika hii ubaoni, hata wale waliochoka wanainua vichwa.

Ipo njia nyengine ambayo haifundishwi sana, na wapenda mpira huishika upesi. Mshambuliaji amepiga penalti 7, amefunga 5. Baadaye akapiga 4 nyengine, akafunga 3. Sasa ana 8 katika 11. Rekodi yake imepanda au imeshuka? Tazama hizo mpya: 3/4 ni bora kuliko 5/7, maana 1/4 ni sawa na 2/8, kasoro ndogo kuliko 2/7. Aliyeongeza kilicho bora anapanda, basi 8/11 ni kubwa kuliko 5/7. Kwa hiyo ukikuta 14/19 na 17/23, uliza umeongezwa nini: 3 juu, 4 chini. 3/4 imeizidi 14/19, kwani 3 × 19 ni 57 na 14 × 4 ni 56. Basi 17/23 ni kubwa. Ila mwambie mtoto waziwazi kwamba huku si kujumlisha sehemu. 5/7 + 3/4 haiwi 8/11 hata siku moja. Hapa tunalinganisha tu.

Kugeuza kuwa desimali sina mengi ya kusema: ni njia nzuri kwa mwenye kikokotoo, na inafaa kukariri kwamba 1/8 ni 0.125 na 3/8 ni 0.375.

Swali la kupanga sehemu nyingi kwa pamoja ndilo linaloonyesha nani alitazama. Mfano: 4/9, 7/8, 5/12, 3/5, 11/12, 1/2. KDS yake ni 360, na anayeanza huko atatoka jasho. Zitenge kwa nusu. Chini yake ni 4/9 na 5/12: ya kwanza imepungukiwa 1/18 kufika nusu, ya pili 1/12, kwa hiyo 5/12 inatangulia. Juu ya nusu, tazama kasoro: 2/5, 1/8, 1/12. Mpangilio ni 5/12, 4/9, 1/2, 3/5, 7/8, 11/12, na hujazidisha chochote kikubwa.

Mzazi, huna haja ya kuwa fundi wa hesabu. Mpe mwanao jozi moja baada ya chakula cha usiku, na sharti liwe moja: aseme sababu kabla hajagusa penseli. Anza na 5/9 na 7/15, kisha 13/14 na 17/18, kisha 6/19 na 2/7. Ya mwisho mpe 8/13 na 5/8, umruhusu kuzidisha: atapata 64 na 65. Akishakuambia ipi kubwa, mwambie aifanye tena kwa njia ya penalti, kutoka 5/8 kwenda 8/13, uone kama majawabu yatakutana.