Theluji inaporomoka kweli?

SWALI: Mwanangu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya milimani Italia. Siku za mapumziko wenzake humchukua kupanda mlima, mbali na njia za wageni. Jirani ananitia hofu kwamba theluji huzika watu. Ni kweli? – Mama Shee, Malindi

JIBU: Shikamoo mama. Ni kweli. Mimi nimeosha masufuria huko misimu mitatu ya baridi, na mlio wa theluji kukatika, "vuum!" chini ya viatu, bado nausikia.

Unaijua milima ya mchanga ya Mambrui? Ule upande mkali, ukikanyaga juu, mchanga unateleza. Theluji ni mbaya zaidi: tabaka gumu hulalia tabaka dhaifu, mtu akipita linakatika bamba zima. Mara nyingi anayelikata ni yeye mwenyewe au mwenzake. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa, hasa baada ya theluji mpya na upepo.

Mwambie asome taarifa ya hatari ya maporomoko ya siku hiyo, daraja 1 hadi 5. Daraja la 3 huua wengi, maana watu huliona la kati tu. Kila mmoja avae kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafutia aliyezikwa, abebe ufito wa kudungia theluji na sepetu. Aliyezikwa hutolewa na wenzake, ndani ya dakika 10 au 15. Ukingoja helikopta, mara nyingi hukuta maiti. Mteremko mkali wavuke mmoja mmoja.

Akikuambia "tumezoea," mpigie tena jioni.