Kwa wanaoanza kuchota sampuli kwenye sheli za zamani

Wadogo zangu mnaotoka chuo, hesabu za mtiririko wa maji mnazijua kunishinda. Mimi nazungumzia mikono, maana sampuli nyingi za maji ya chini ya ardhi huharibika kabla hazijatoka Dodoma.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tunafuatilia petroli iliyovuja ardhini kwenye sheli iliyofungwa pembezoni mwa mji. Matangi yalishang'olewa, vimebaki visima vya uchunguzi tu, mabomba ya milimita 50. Asubuhi nilijaza jenereta petroli, nikafuta mikono kwenye suruali, nikavaa glavu kwa mikono hiyohiyo, nikaanza kuchota. Dumu la akiba lilipanda pikapu moja na deli la sampuli. Majibu yalipokuja, benzini, ile kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, ilikuwamo hata kwenye ile chupa ya maji safi ambayo husafiri nasi bila kufunguliwa, chupa ambayo kazi yake ni kutusema tukikosea. Ikatusema. Mvuke wa petroli hupenya hata kizibo kilichofungwa vizuri. Safari nzima ikarudiwa, nami nikakaa nyuma ya pikapu kimya. Tangu hapo jenereta yangu hujazwa jana yake, na kazini hukaa upande upepo unakokwenda. Upepo wa Dodoma hauhitaji maelezo.

Ukifika, pima kina kabla hujatumbukiza kitu kingine chochote. Tepu yetu ina mlio mmoja ikigusa mafuta na mwingine ikigusa maji. Petroli huelea, lakini ina uzito, kwa hiyo huyakandamiza maji ndani ya kisima. Ukikuta unene wa petroli wa sentimita 40, zidisha kwa 0.75, yaani uzito wa petroli ukilinganishwa na wa maji: uso wa maji ungekuwa juu kwa takriban sentimita 30 kama mafuta yasingekuwapo. Mwenzetu mmoja alisahau kuziongeza. Eneo letu ni tambarare, na mshale wake wa mtiririko wa maji kwenye ramani ukageuka ukamwelekea jirani asiyehusika kabisa. Tulimwona mzee yule akiitwa kwenye kikao kwa sababu ya sentimita 30.

Anza na kisima kisafi, malizia na kichafu. Bomba la milimita 50 lina karibu lita 2 kwa kila mita ya maji; kabla ya kuchota, toa maji yaliyolala humo mara tatu ya hayo, au vuta polepole mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie. Visima vilivyochimbwa kwenye graniti hujaa kwa mwendo wa kobe, hivyo beba chai. Chupa ya mililita 40 ijae mpaka maji yatutumke mdomoni, ila yasimwagike, kwa sababu ndani yake kuna asidi ya kutunzia sampuli. Funga, pindua, gonga. Ukiona kipovu, chukua chupa nyingine, maana benzini hukimbilia kwenye hewa. Kisha barafu, nyuzi 4, na maabara ndani ya siku 14.

Sasa lile linalowaponza wengi. Kiangazi unakuta petroli inaelea kisimani; mvua zikinyesha unakuta haipo, na ripoti inaandikwa kwamba eneo limesafika. Halijasafika. Maji yamepanda na kuyanasa mafuta kati ya chembe za udongo, yakishuka yataachia tena. Wakati huohuo benzini iliyoyeyuka ndani ya maji inaweza hata kuongezeka, kwa sababu sasa maji yanaoga kwenye udongo uliolowa mafuta. Na huku kwetu usihukumu kwa mwaka mmoja. Kumbukumbu za visima vya Makutupora, vinavyonywesha mji huu, zilianza miaka ya 1950, na zinaonyesha kwamba maji ya chini hayajazwi kila msimu. Hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Ukifunga faili kabla mwaka wa namna hiyo haujapita, umefunga mapema.

Majirani watakwambia, "Mwanangu, maji haya hayanuki." Wasikilize, uliza kisima kilichimbwa lini na kina mita ngapi, halafu chota hivyohivyo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini ni miligramu 0.01 kwa lita, na pua ya binadamu haifiki huko.

Halafu pimeni na nitrati, japo mteja atanung'unikia gharama. Mitaani kwetu vyoo vya shimo huipandisha, kwa hiyo kuiona juu si ajabu. Ajabu ni kisima kimoja katikati ya vingine kikiwa hakina nitrati wala oksijeni. Wapo wanaokisifia kisima hicho. Mimi hukirudia kwanza, kwa sababu bakteria wanaokula mafuta humaliza oksijeni, kisha huigeukia nitrati.