Maswali ya wasomaji: Oili ipi ya difu, ipi ya giaboksi?

SWALI: Nina Land Cruiser pikapu, ile tunayoiita mkonga, yenye injini ya dizeli ya 1HZ na gia za mkono. Naitumia kati ya nyumbani Kigamboni na shamba langu lililoko upande wa Mkuranga, na mara nyingi inarudi na mzigo. Nilipokwenda Kariakoo kununua oili ya giaboksi, ya transfa (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) na ya difu zote mbili (zile gia za katikati ya ekseli), muuzaji alinishauri nichukue ndoo moja ya lita 20 iliyoandikwa 85W-140 GL-5 na kuitumia kote. Alidai kwamba kwa joto la Dar es Salaam oili nzito ndiyo inayolinda, na kwamba GL-5 ni daraja la juu kuliko GL-4, hivyo haiwezi kudhuru popote. Fundi wangu anasema kwenye giaboksi nisithubutu. Nimsikilize nani? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Msikilize fundi. Muuzaji amechanganya mambo mawili yasiyotegemeana. Namba kama 85W-140 zinaeleza uzito wa oili tu, yaani jinsi inavyotiririka ikiwa baridi na ikiwa moto. Herufi GL, ambazo ni daraja za Taasisi ya Petroli ya Marekani (API), zinaeleza kazi ambayo oili hiyo imetengenezewa, na kwa kiasi kikubwa kazi hiyo hutokana na dawa zilizochanganywa ndani yake. Unaweza kukuta makopo mawili yenye uzito uleule wa 80W-90, moja likiwa GL-4 na jingine GL-5, na moja lisiwe mbadala wa jingine.

Tuanze na difu, kwa kuwa ndiyo yenye shida kubwa zaidi. Ndani ya difu ya gari lako kuna pinioni, yaani gia ndogo, inayozungusha kraunwili, ile gia kubwa ya duara, na pinioni hiyo haikuelekezwa katikati ya kraunwili bali imeshushwa chini kidogo. Kwa mpangilio huo meno yanapokutana hayabingiriki tu, bali yanasuguana kwa urefu wake huku yakiwa yamebeba nguvu yote ya injini. Kwa mgandamizo wa namna hiyo utando wa oili hukatika, na chuma hugusana na chuma. Hapo ndipo dawa zenye salfa na fosforasi zinapofanya kazi: joto la msuguano linazifanya ziungane na uso wa chuma na kuunda ngozi nyembamba sana ambayo huliwa badala ya meno yenyewe, kisha hujiunda upya. Oili ya GL-5 ina dawa hizo kwa kiasi kinachokaribia mara mbili ya kile cha GL-4, na kwa difu za aina hii GL-5 ndiyo inayotakiwa. Kuweka GL-4 kwenye difu inayobeba mzigo kutoka shambani ni kuitafutia kelele.

Giaboksi ya mkono ni habari nyingine. Meno yake yamekaa sambamba, hayana msuguano mkali kama ule wa difu, lakini ndani yake kuna pete, mara nyingi za shaba, ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Pete hizo zinahitaji kusuguana kiasi ili zifanye kazi. Oili yenye dawa nyingi za GL-5 inaweza kuziletea pete hizo hasara mbili. Kwanza, salfa katika oili nyingi za GL-5, hasa za bei nafuu, huishambulia shaba joto linapopanda, na ngozi ile inayolinda chuma inapojiunda juu ya shaba hubanduka na vipande vya shaba yenyewe. Pili, hata pale mtengenezaji alipoituliza salfa isishambulie shaba, oili huwa na utelezi uliozidi kwa pete hizo, hivyo gia zinaanza kukwaruza unapoingiza ya pili au ya tatu, na mwenye gari anaanza kulaumu klachi. Kwa hiyo GL-5 si GL-4 iliyopandishwa cheo. Kila moja ina mahali pake.

Ni haki pia kueleza kwamba katika vitabu vya maelekezo vya baadhi ya Land Cruiser utakuta giaboksi na transfa zimeandikiwa 75W-90 ya "GL-4 au GL-5". Muuzaji akikuonyesha mstari huo hatakuwa amekudanganya. Hata hivyo, kitabu kinaporuhusu zote mbili, mimi nachagua GL-4 kwa giaboksi, kwa sababu haina inachokosa katika kazi hiyo na haina inachoharibu. Transfa ya gari lako ifuate giaboksi: oili ileile, ya uzito uleule.

Sasa uzito. Watu wengi huziogopa namba za oili ya gia kwa kuzilinganisha na za oili ya injini, ilhali mizani hizo ni tofauti: oili ya gia ya 90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Oili ikiwa na joto la nyuzi 100, ile ya SAE 90 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari kilichopanga namba hizi za uzito) huwa na mnato wa kati ya sentistoki 13.5 na 18.5, na SAE 140 huanzia 24 hadi 32.5. Namba yenye herufi W ni ya baridi, na baridi yenyewe ni ile ambayo sisi hatuijui: 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na 85W kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Dar es Salaam, hata usiku wa Julai, kipimajoto huwa karibu na nyuzi 18 au 19. Maana yake ni kwamba kwa mkazi wa hapa tofauti kati ya 75W-90 na 80W-90 ni ndogo, na usikubali kulipa bei ya juu sana kwa ajili yake peke yake.

Je, joto letu linadai 140? Kwa gari lako, hapana. Toyota katika vitabu vya magari ya kazi ya familia hiyo huandika SAE 90 kwa difu katika hali ya hewa inayozidi nyuzi 18 chini ya sifuri, na hiyo ni hali ya hewa yetu ya mwaka mzima. Oili iliyozidi uzito hula nguvu ya injini, huongeza joto ndani ya difu kwa kule kukorogwa tu, na katika giaboksi huchelewa kupenya kwenye beringi asubuhi. Jambo moja inalolifanya vizuri ni kuzima sauti. Difu iliyochakaa ikijazwa 140 hunyamaza kwa muda, na ndiyo maana ukienda kukagua gari la kununua mkononi mwa mtu, ukafungua nati ya difu na kukuta oili inavutika kama asali, uliza maswali zaidi kabla ya kutoa fedha.

Nunua basi GL-5 ya 80W-90 kwa difu zote mbili, ambazo kila moja huchukua takriban lita 3, na GL-4 ya 75W-90 au 80W-90 kwa giaboksi na transfa kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu chako. Chukua makopo ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa huna namna ya kujua kilichomo, hata iwe na harufu kali ya salfa.

Siku ya kazi, mwambie fundi afungue kwanza nati ya juu, ya kujazia, kabla ya kugusa ile ya chini ya kumwagia. Nati hizi hukaa miaka bila kufunguliwa, huliwa na kutu ya chumvi ya pwani, na pembe zake huviringika kwa spana isiyokaa vizuri. Ukimwaga oili yote halafu nati ya kujazia ikakataa kufunguka, gari limelala hapo gereji. Oili imwagwe ikiwa ya moto, baada ya mwendo. Kwenye nati za chini zenye sumaku utakuta tope jeusi laini, nalo ni jambo la kawaida. Lifute kwa kitambaa na ulisugue kati ya vidole. Likiwa laini kabisa, endelea. Likiwa na punje zinazochoma au kipande chenye umbo la jino, usiongeze oili mpya kabla difu haijafunguliwa. Ujazo sahihi ni pale oili inapoanza kuchuruzika kwenye ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama kwenye sakafu iliyo sawa, si likiwa limeinuliwa mbele kwa jeki.

SWALI: Wakati wa mvua za masika nilipita kwenye maji yaliyofurika eneo la Jangwani, yakafika juu ya katikati ya magurudumu. Injini haikupata shida, kwa kuwa gari lina mkonga, lile bomba la kuvuta hewa kutoka juu. Wiki chache baadaye fundi amefungua difu ya nyuma na oili imetoka nyeupe nyeupe. Inawezekanaje maji yakaingia wakati hakuna mahali panapovuja? (Msomaji, Magomeni)

JIBU: Mkonga huipatia injini hewa safi, lakini difu zako zinapumua kwa njia nyingine. Juu ya kila nyumba ya difu kuna kipumulio kidogo, wakati mwingine kikiwa na mpira mwembamba unaopanda juu. Difu iliyotembea na kupata moto inapozama ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta chochote kilicho jirani. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, kitakachovutwa ni maji kupitia kwenye midomo ya sili, ambazo zilitengenezwa kuzuia oili isitoke, si kuzuia maji yasiingie. Kwa hiyo sili inaweza kuonekana nzima kabisa kwa nje na bado ikawa imepitisha maji.

Oili iliyochanganyika na maji haina msaada kwa pinioni, na beringi huanza kupata kutu gari likiwa limeegeshwa. Mwaga yote, jaza GL-5 ya bei ya wastani, tembea kilomita chache mpaka difu ipate joto, mwaga tena, kisha ndipo ujaze oili uliyokusudia. Usisafishe kwa petroli. Fungua pia giaboksi, transfa na difu ya mbele, hata kama hakuna dalili, maana zote zilikuwa kwenye maji yaleyale. Kama gari lako ni la ekseli ya mbele iliyonyooka, lenye yale matufe makubwa nyuma ya magurudumu, angalia ndani ya rimu: grisi iliyolainika na kuchuruzika hapo ina maana kwamba sili ya ndani imekwisha na oili ya difu inaosha grisi ya matufe, jambo ambalo mafuriko hulifichua lakini mara nyingi hayakulianzisha. Kisha safisha vipumulio, na ikiwezekana uvirefushe kwa mipira hadi karibu na kimo cha boneti. Ni kazi ya gharama ndogo kuliko beringi moja.

Kuhusu muda wa kubadilisha, kilomita 40,000 zinazotajwa mara nyingi ni za gari linalotembea pakavu. Anayepita majini kila masika aukate muda huo kwa nusu, na baada ya kila kuzama akague bila kusubiri kilomita.

SWALI: Fundi mmoja anasema transfa hutiwa oili ya gia, mwingine anasema ni ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Nani sahihi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Inategemea gari, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa magari waliyoyazoea. Transfa ya Nissan Navara ya D40 hutumia ATF, wakati ya Land Rover Defender hutumia oili ya gia, ilhali giaboksi ya mkono ya baadhi ya Defender hizohizo ndiyo inayotiwa ATF. Baadhi ya Toyota za miaka ya karibuni zina oili maalumu ya transfa ya 75W, nyepesi kuliko tulivyozoea. Rangi ya oili iliyotoka haithibitishi kitu, kwa sababu huenda aliyetangulia ndiye aliyekosea. Kama kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani au hakipo kabisa, chukua namba ya chasi, ambayo ipo pia kwenye kadi ya gari, pamoja na maandishi ya kile kibati kilichopo chini ya boneti, uende kwa muuzaji wa spea anayetafuta kwa namba, si kwa kukumbuka.

SWALI: Tangu nibadilishe oili ya difu ya nyuma kwa GL-5 ya 80W-90, gari linakoroma na kutetemeka kwa nyuma ninapokata kona kali. Oili ni mbovu? (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Yawezekana oili ni nzima ila difu yako ni ile ya LSD, ambayo ndani ina sahani zinazobanana ili gurudumu moja lisizunguke bure kwenye tope. Sahani hizo zinahitaji dawa ya ziada ya kuzifanya ziachiane taratibu, na bila dawa hiyo hushikana na kuachiana kwa mkupuo; ndiyo mkoromo unaousikia. Tafadhali usiichanganye na difu ya kufungwa kwa swichi, ambayo inatosheka na GL-5 ya kawaida. Tazama karibu na nati ya kujazia kama kuna kibandiko au kibati chenye maneno LSD, kisha ununue GL-5 iliyoandikwa LS au LSD kwenye kopo. Ukishabadilisha, nenda kwenye uwanja ulio wazi, uzungushe usukani na kutembea polepole kwa kuchora namba nane, mara kadhaa kila upande, ili oili mpya ipenye katikati ya sahani. Mkoromo ukiendelea baada ya hapo, sahani zenyewe zimekwisha, na difu ifunguliwe.