Ukuta wa bibi na lipu ya saruji

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni badiliko gani moja uliloifanyia nyumba yako ambalo limepunguza matumizi na kusaidia mazingira?" Nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona kwamba linamchukulia msomaji kuwa mtu ambaye nyumba yake ina upungufu, na kwamba dawa ya upungufu huo iko dukani: paneli ya sola, taa za kubana umeme, jiko la gesi, simtanki la kukingia maji ya mvua. Vitu hivyo ni vizuri na sivipingi. Lakini katika familia yetu, jambo kubwa kuliko yote tuliyoyafanya lilikuwa kuondoa kitu tulichokuwa tumekiweka wenyewe, kwa fedha zetu, tukiamini kwamba tunaitengeneza nyumba. Kwa hiyo naomba mniruhusu nijibu swali lililo jirani na lenu: ni matengenezo gani tuliyoifanyia nyumba ambayo heri tungeyaacha?

Nyumba ninayoizungumzia ni ya marehemu bibi yangu, iliyoko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni nyumba ya mawe kama zilivyo nyingi za mtaa ule. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, unene wake haupungui dhiraa moja, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na katikati kuna ua mdogo unaoutoa nje mvuke wa joto. Upana wa vyumba unafuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, mita 3 hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi nililelewa Fuoni, katika nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa mabati, na nilikuwa nikiamini kuwa nyumba ya Fuoni ndiyo ya kisasa na ile ya Kiponda ni ya kuvumiliwa kwa heshima ya wazee.

Imani hiyo ilitikisika tulipokaa gizani. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kukumbushwa. Waya wa chini ya bahari uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara, ambao ulilazwa mwaka 1980, uliharibika Desemba 2009, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Miezi hiyo mitatu yote ni ya kaskazi, wakati ambapo joto haliondoki hata usiku wa manane. Kule Fuoni, feni zikiwa zimesimama, chumba chini ya mabati kilibaki na joto la mchana hadi tulipokata tamaa ya kulala ndani, tukatandika mikeka uani na kuumwa na mbu. Wiki ya pili mama aliamua tuhamie kwa bibi. Nakumbuka niliingia ukumbini saa nane mchana, na ubaridi niliuhisi kwanza nyayoni, kwenye sakafu, kabla ya kuuhisi usoni. Bibi alikuwa na utaratibu ambao sikuwahi kuutilia maanani: asubuhi alifunga madirisha ya upande wa jua na kuacha vibao vyake vimelala, na jua likizama alifungua yote, pamoja na mlango wa juu, ili upepo wa usiku upite na kuzipoza kuta. Ukuta mnene hauliruhusu joto la mchana kufika ndani upesi, na likifika ni usiku, madirisha yako wazi. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hayo yanaitwa kutunza mazingira. Bibi aliyaita kufunga na kufungua nyumba.

Sasa nafika kwenye sehemu inayoniuma. Mwaka 2011, umeme ukiwa umerudi na watu wakiwa na hamu ya kuanza upya, ami yangu aliamua kumtengenezea bibi chumba chake cha chini, kile kinachopakana na kichochoro. Lipu yake ya chokaa ilikuwa ikipukutika, na kila mwaka kabla ya Ramadhani ilibidi ipakwe tena. Bibi alikwisha kuchoka na vumbi lile. Fundi aliyeitwa alikuwa kijana mwenye bidii, na alimhakikishia ami kwamba akipiga lipu ya saruji kazi hiyo haitarudiwa tena maishani mwa bibi. Kwa wiki moja tu ukuta ulikuwa umelainishwa kwa niru na kupakwa rangi ya mafuta ya kijani kibichi. Bibi aliupapasa kwa kiganja na kumwombea dua ami, nasi sote tulipendezwa.

Masika ya pili rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua. Tuliikwangua na kupaka nyingine. Mwaka uliofuata ikavimba tena, safari hii juu zaidi, na chumba kikaanza kunuka ukungu. Kwa kuwa kilikuwa na unyevu na kizito kukaa, tulinunua kiyoyozi, na ili kiyoyozi kifanye kazi tuliziba vibao vya dirisha kwa mbao. Hivyo chumba kilichotupa usingizi miezi mitatu bila ya umeme wowote sasa kilikuwa kinamaliza uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, kabla mwezi haujafika katikati. Bibi akahamishiwa chumba cha juu, akawa anapanda ngazi zile za wima akishika kamba. Alifariki mwaka 2015 bila kurudi chumbani kwake, na jambo hilo siwezi kuliandika haraka haraka.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Forodhani, ilipoanguka na kuua watu, kila mwenye nyumba ya mawe aliziangalia kuta zake upya. Sisi tulimtafuta fundi mzee aliyewahi kufanya kazi ya chokaa tangu ujana wake. Alipofika hakutoa chombo chochote. Aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kuanzia chini akipanda, sikio lake likiwa karibu, na palipolia kama mtungi mtupu aliweka alama ya mkaa. Kisha aliingiza ncha ya mwiko kwenye ufa, akaupinda kidogo, na kipande cha lipu kikubwa kama sinia ya pilau kikatoka kizima kikaanguka sakafuni. Nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga, na juu ya unga huo kulikuwa na manyoya meupe membamba, kama pamba iliyochanwa. "Onja," aliniambia. Nilionja, na ilikuwa chumvi.

Alinieleza akiwa amekaa juu ya ndoo. Matumbawe yanatoka baharini na chumvi imo ndani yake, na maji ya ardhini hupanda ukutani siku zote, hayazuiliki. Chokaa huyaacha maji hayo yatoke na kukauka, na chumvi ikifika juu hupukutika pamoja na chokaa, ndiyo maana chokaa hupakwa kila mwaka. Ile lipu iliyokuwa ikimwagika vumbi ilikuwa inafanya kazi yake. Saruji, na rangi ya mafuta juu yake, huyafungia maji ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kulila jiwe, na maji yanatafuta njia ya juu mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti. "Mmemvisha koti la mvua mtu anayetoka jasho," alisema. Alinyoosha mkono, akachomeka kidole chake kwenye kichwa cha boriti moja, na kidole kikazama kama kwenye muhogo uliooza. Boriti 3 zilikuwa katika hali hiyo, na juu yake ndiko bibi alikokuwa akilala.

Kuitoa lipu yote kulichukua siku 9. Chokaa yenyewe fundi alikataa kuitumia mara moja. Aliizamisha shimoni ndani ya maji kwa miezi miwili, huku ndugu wakilalamika kwamba tunalipa kwa kungoja. Alipoanza alichanganya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, pamoja na udongo mwekundu kidogo, akapiga tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, akiacha siku kadhaa katikati. Kazi yangu ilikuwa kutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kwa sababu chokaa ikikauka upesi hupasuka. Niliuona ukuta ukitoka kwenye kijivu cha majimaji na kuwa mweupe, ukianzia juu, kidogo kidogo kila siku. Tulizibua dirisha, na kiyoyozi tukakiuza. Mama ndiye anayekaa chumba hicho sasa, na uniti zilizokuwa zikikatika katikati ya mwezi humfikisha mwishoni.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kumalizia kwa kuwataka wasomaji wote waachane na saruji. Hoja ninayo: utengenezaji wa saruji unachangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Lakini nimelazimika kukumbuka siku niliyokwenda shamba na fundi kununua chokaa. Nililiona tanuu lenyewe, magogo ya minazi yamepangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na matumbawe yamerundikwa juu yake, tayari kuwashwa moto utakaofikia nyuzi 900. Jiwe hilo likiungua nalo hutoa hewa ya ukaa. Ni kweli kwamba chokaa ikiwa ukutani huirudisha sehemu ya hewa hiyo inapokuwa inagandamana, lakini kuni zilizoteketea hazirudi. Na boriti zetu 3 mpya zilikatwa kwenye mikoko, ambayo ndiyo mazalio ya samaki na ngome ya pwani yetu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari karibu milioni 1.9. Tukitaka sote kujenga kama bibi, sidhani kama utabaki mkoko umesimama Chwaka.

Kwa hiyo nayapunguza maneno yangu. Ninachoweza kukisimamia ni kwamba nyumba ya mawe na chokaa itengenezwe kwa chokaa, na kwamba kabla ya kuongeza chochote mtu aulize ile sehemu inayomuudhi inafanya kazi gani. Nyumba ya Fuoni sikuipiga chokaa ndani wala sitaipiga. Tuliweka dari chini ya mabati, tukayapaka mabati rangi nyeupe, tukapanda miarobaini miwili upande wa magharibi, na saruji imebaki mahali pake, kwa sababu pale ndiyo inayofaa.

Na kuhusu swali lenu kama mlivyoliuliza, itabidi nikiri kwamba nami naelekea dukani. Mama anatumia insulini, na insulini inataka jokofu ambalo halizimiki. Ukuta wa dhiraa moja unampa mtu usingizi, lakini kuiweka dawa katika ubaridi unaotakiwa hauwezi. Tumeanza kuchanga kwa ajili ya paneli moja na betri, ya kutosha jokofu na taa tu, na kwa kuwa mapaa ya Mji Mkongwe hayaguswi bila ya idhini, barua ya kuomba kibali nimekwisha kuiandika. Wakikataa sijui tutaiweka wapi, labda uani, ingawa pale jua linaingia kwa saa tatu tu.

Kuna kipande kimoja cha saruji ya 2011 ambacho fundi alikiacha, nyuma ya bafu, kwa kuwa alihofia kwamba akikibandua jiwe lote litafuata. Aliniagiza nikigonge kila baada ya masika. Mwaka jana kililia kizito hadi chini, isipokuwa pembeni, karibu na bomba, ambako sauti ilikuwa imeanza kubadilika.