Gita linasikika kwa mbali ukirekodi nyumbani? Anza kwenye tundu, si kwenye programu

Miezi mitatu mizima nilirekodi gita chumbani kwangu, hapa Oli mjini Arua, na kila wimbo ulitoka hafifu. Kwenye skrini sauti ilikuwa mstari mwembamba tu. Nilikuwa namaliza kupiga, kisha naongeza desibeli 20 ndani ya programu. Gita lilipanda kweli, lakini mvumo wa umeme na ule mchakacho wa chinichini nao ulipanda desibeli 20 zilezile, kwa sababu programu haijui kipi ni gita na kipi ni uchafu. Kwa sisi tunaopiga sebene, ambamo noti za solo ni ndogondogo na zinakwenda mbio, uchafu huo unaua wimbo.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja jirani, mpigaji wa mi-solo, lile gita la kati ya solo na ridhimu, kwenye bendi za harusi. Hakuitazama skrini hata kidogo. Aliinama kwenye intafesi, kile kisanduku kinachounganisha gita na laptopu.

"Mwanangu, umechomeka wapi?"

"Kwenye tundu la gita, mzee."

"Tundu ni lenyewe. Na hiki kitufe?"

Kitufe kidogo cha pembeni kilikuwa kwenye LINE. Akakisukuma kwenda INST, akaniambia nipige tena. Mstari ulinenepa papo hapo.

Nilitaka kujua sababu, na ni vizuri nawe uijue, maana ndiyo kiini cha jambo hili. Pikapu za kawaida za gita, zile zisizotumia betri, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mizunguko maelfu. Umeme wake ni mdogo na unachoka upesi ukipewa mzigo. Tundu la INST, ambalo intafesi nyingine huliandika Hi-Z, huwa na ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme) wa karibu omu 1,000,000, kwa hiyo huvuta umeme kidogo sana kutoka kwenye gita. Tundu la LINE ni la kinanda au mikisa, na mara nyingi ukinzani wake ni omu 10,000 hivi. Gita likichomekwa humo linapoteza nguvu, na linapoteza pia ule ukali wa juu unaofanya solo isikike. Ukali huo huwezi kuurudisha vizuri baadaye, hata ukitumia ikwalaiza ya bei gani. Ndiyo maana nasisitiza tundu kuliko kitu kingine chochote.

Ukishakuwa kwenye INST, fungua volyumu ya gita mpaka mwisho, na toni pia. Piga kwa nguvu ileile utakayoipiga kwenye wimbo, tena sehemu nzito kuliko zote, huku ukiongeza geini ya intafesi polepole. Vilele vya sauti vikifika kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya sauti, simama hapo. Wengi, wakishaona udhaifu umeisha, wanasukuma mpaka taa nyekundu iwake. Sauti iliyokatika kichwa haiponi. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kugusa sifuri, ile juu kabisa ya mita, kwa sababu biti hizo zinabeba tofauti ya karibu desibeli 144 kati ya sauti ndogo na kubwa, na nafasi inabaki tele.

Tena, kile kitelezi kirefu cha programu, kwa kawaida, ni cha kusikilizia. Ukikipandisha wakati wa kurekodi, kinachoingia kwenye faili hakibadiliki. Geini ya intafesi ndiyo inayobadilisha. Na kama gita linasikika sikio moja tu, umerekodi tundu moja kwenye njia ya stereo, chagua mono.

Bado ni hafifu? Badilisha kebo kwanza, kisha zungusha jeki ya gita taratibu usikie kama inakwaruza. Gita lenye pikapu za betri, weka betri mpya ya volti 9. Ikikaribia kufa, sauti hupungua na kuchafuka. Halafu tazama urefu wa pikapu. Bonyeza uzi kwenye kizuizi (freti) cha mwisho, upime nafasi kati ya uzi na pikapu: milimita 2 hivi inatosha. Skrubu mbili za pembeni ndizo zinazoipandisha. Usiisogeze karibu mno, kwani sumaku itavuta nyuzi na gita litasikika kama halikutyuniwa.

Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu, sogea mbali na taa na skrini, kisha sikiliza tena. Rekodi yangu safi kuliko zote niliipiga usiku ambao umeme ulikatika mtaa mzima, laptopu ikiwa kwenye betri, intafesi ikipata nguvu kupitia waya wa USB. Tangu hapo chaja haikai ukutani nikirekodi, umeme uwepo usiwepo.

Nyimbo nne nilizokuwa nimezikuza kwa programu nimezirudia zote, kwa gita lilelile na kebo ileile. Kwenye ule wa pili, sasa unasikia hata kidole kikiteleza juu ya uzi wa tatu kabla solo haijaingia.